Kutazama na kupima modeli ya 3D ndani ya AutoCAD LT

Kazi nyingi za nyumba hapa Dar es Salaam siku hizi zinatoka kwa msanifu zikiwa modeli ya 3D, iwe imejengwa kwenye Revit, ArchiCAD au SketchUp. Halafu zinaangukia mezani kwa mtu mwenye AutoCAD LT, toleo dogo la AutoCAD la kuchorea 2D: mkadiriaji majenzi anayetafuta eneo la bati, mchoraji wa karakana ya alumini anayetafuta kimo cha dirisha, fundi mchundo anayetakiwa kuandaa karatasi za A3 za saiti. Faili linafunguka, linaonekana kama ramani ya kawaida ya kutoka juu iliyojaa mistari juu ya mistari, na wengi hapo hapo wanapiga simu kuomba watumiwe PDF. Inaniuma kuona hivyo, maana LT ina karibu kila kitu kinachohitajika kuisoma hiyo modeli. Isichoweza ni kuijenga.

LT ilitoka mwaka 1993 kwa ajili ya michoro ya 2D na mipaka yake iko wazi. Hakuna EXTRUDE ya kuinua umbo la 2D liwe la 3D, hakuna 3DORBIT ya kuzungusha modeli kwa kipanya, hakuna rangi na vivuli. Lakini umbo la 3D lililomo ndani ya DWG (faili la AutoCAD) linabaki zima: linaonekana, linashikika kwa osnap (kunasa nukta kamili za mchoro), linapimika na linachapika. Kama unachotaka ni kulizungusha tu ulione lilivyo, DWG TrueView ya bure kwenye Windows inazungusha na kupaka rangi, na ni vizuri uwe nayo pembeni. Kwa kupima na kupanga karatasi, rudi LT.

Faili likifika

Likigoma kufunguka, lifungue kwa Notepad bila kulihifadhi, usome herufi sita za mwanzo. AC1032 ni muundo wa 2018, AC1027 wa 2013, AC1024 wa 2010. LT ya zamani haisomi muundo mpya kuliko yenyewe, na TrueView inaweza kuubadilisha kurudi nyuma.

Likifunguka, pima kitu unachokijua kabla ya kuamini lolote. Mlango unafaa. DIST (amri ya kupima umbali) kutoka chini hadi juu ya uwazi ikikupa 2100, uko kwenye milimita. Ikikupa 2.1, ni mita, na SCALE ya 1000 kutoka 0,0,0 inarekebisha. Ikikupa 82.7 basi mtu amechora kwa inchi, jambo linalotokea sana kwa modeli za SketchUp zilizoanzishwa kwenye kiolezo cha Kimarekani. Hapo SCALE ni 25.4.

Angalia pia modeli imekaa wapi. Ikiwa imewekwa kwenye koodineti za upimaji wa kiwanja, yaani UTM kanda ya 37 Kusini, Dar es Salaam iko karibu na mita 530,000 Mashariki na mita 9,248,000 Kaskazini. Ukigeuza hiyo ya pili kuwa milimita unapata namba ya tarakimu kumi. Programu inaihesabu, lakini ukitazama kwa upande unaanza kuona mistari inatetemeka, osnap inaruka, na mistari iliyotakiwa kufichwa inabaki vipande vipande. Tengeneza nakala, isogeze kwa MOVE hadi karibu na 0,0,0, na uandike umbali uliosogeza ndani ya faili lenyewe kwa TEXT ili mwingine aweze kuirudisha.

Kuta zikikosekana kabisa ilhali milango ipo, mara nyingi faili limetoka AutoCAD Architecture au Civil 3D. Vitu vyake maalumu LT haivielewi, inachoweza kuonyesha ni picha yake tu. Andika PROXYSHOW, weka 1, kisha REGEN (kuchora skrini upya). Bado hakuna kitu? Picha hazikuhifadhiwa upande wa mtumaji. Mwombe aweke PROXYGRAPHICS 1 ahifadhi tena, au afanye jambo lililo bora zaidi, atoe faili kwa EXPORTTOAUTOCAD. Kwa anayetumia Revit, ombi ni tofauti: atoe DWG akiwa kwenye mwonekano wa 3D, na kwenye sehemu ya Solids achague ACIS badala ya Polymesh. Polymesh huvunja kila uso kuwa pembetatu nyingi. Faili linakuwa zito na skrini inajaa mistari isiyokuwepo kwenye jengo.

Kusimama mahali unapotaka

Amri ni VPOINT. Andika -1,-1,1 na unaitazama nyumba kutoka kusini-magharibi, juu kidogo. 1,-1,1 ni kusini-mashariki, 1,1,1 kaskazini-mashariki, -1,1,1 kaskazini-magharibi, na 0,0,1 inakurudisha juu kabisa. Namba hizi ni uelekeo tu, hazina uhusiano na ukubwa wa nyumba. -1,-1,1 na -5,-5,5 ni kitu kimoja. Ukitaka jicho lishuke, punguza namba ya tatu: -1,-1,0.3 inafaa kuonyesha baraza na uso wa nyumba bila paa kutawala picha.

Mionekano iliyo tayari kama Front na Left inatazama kwa kufuata mhimili wa X na Y wa dunia ya mchoro. Nyumba iliyogeuzwa kufuata barabara haitaonekana uso kwa uso. Tuseme imegeuzwa nyuzi 27 kinyume cha saa. Tumia VPOINT, andika R, kisha 297 (yaani 270 ya mbele ukiongeza 27), kisha 0. Sasa uso wa nyumba umesimama wima mbele yako.

Kinachowasumbua watu kuliko yote ni kuchanganya maswali mawili: jicho lako liko wapi, na uso unaochorea umelala wapi. VPOINT inajibu la kwanza, UCS (mfumo wa koodineti unaochorea) inajibu la pili, na kubadilisha moja si lazima kubadilishe nyingine. Tena LT inaongeza utata kidogo kwa sababu UCSORTHO kwa kawaida iko 1. Ukichagua Front, UCS nayo inasimama wima kufuata uso huo. Ukitoka hapo kwenda SW Isometric, jicho linahama lakini UCS inabaki pale pale wima. Unachora mstari ukidhani uko sakafuni, kumbe unachora hewani mbele ya nyumba. Ukirudi juu, mstari wa mita nne unaonekana nukta au haupo kabisa.

Dawa yake ni mazoea ya kuandika UCS, W, kisha PLAN, W kila unapomaliza kutazama, yaani kurudi dunia ya mchoro (World) na kuitazama kutoka juu. Na uzoee kusoma alama ya UCS kwenye kona. Ikiwa mtindo wa alama ni wa 2D na umeona penseli iliyovunjika, maana yake uso wa UCS umekupa ukingo wake. Usibofye nukta yoyote kwa mkono wakati huo, kwa sababu nukta itaangukia mbali sana na ulipokusudia.

HIDE, na kwa nini inaonekana kama imekataa kazi

HIDE inaondoa mistari iliyo nyuma ya vitu vingine mpaka REGEN inayofuata. Malalamiko ya kawaida ni kwamba mtu ameiandika na hakuna kilichobadilika. Sababu karibu kila mara ni kwamba modeli yake ni mistari mitupu. LINE isiyo na thickness (kimo cha kuinuka kutoka uso wa kuchorea) haina uso, kwa hiyo haiwezi kuficha kitu. Vinavyoficha ni solidi (umbo la 3D lililojaa), REGION na 3DFACE (nyuso bapa), duara, polilaini yenye upana, na chochote kilichopewa thickness. Polilaini iliyofungwa yenye thickness lakini isiyo na upana ni kuta nne bila kifuniko; ukiitazama kutoka juu unaona ndani.

Leya nazo zina kanuni yake. Leya iliyogandishwa kwa Freeze haihesabiwi. Leya iliyozimwa kwa Off inaendelea kuficha vilivyo nyuma yake ingawa yenyewe huioni. Basi ukizima paa kwa Off ili uone vyumba, vyumba vinatoweka na unabaki na skrini nyeupe yenye vipande vya kuta. Gandisha paa, usilizime. Gandisha pia samani, miti na magari kabla ya HIDE kwenye modeli kubwa. Mti mmoja wa kupakuliwa unaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko nyumba nzima.

Maduara na nguzo za mviringo zikionekana zina pembe, ongeza FACETRES, kipimo cha ulaini wa mikunjo. Kawaida yake ni 0.5, 2 inatosha kwa karatasi ya A3, na 10 ni kujichelewesha bure.

Kupima paa

Hapa ndipo modeli inapolipa. Tuchukue paa la pande mbili ambalo kutoka ukingo wa chini hadi mgongoni ni mita 4.5 kwa mlalo, na mgongo umepanda mita 1.8 juu ya ukingo. Washa osnap ya Endpoint, andika DIST, bofya ukingo, kisha nukta ya mgongoni iliyo mkabala nayo kabisa. Jibu linasema Delta X 4500, Delta Y 0, Delta Z 1800, umbali 4847, na pembe kutoka uso wa XY ni 22. Weka AUPREC 1 (desimali moja ya pembe) na pembe itasomeka 21.8. Hapo una mteremko na urefu wa bati kwa mibofyo miwili.

Sasa weka DIMALIGNED kati ya nukta zile zile ukiwa unatazama kutoka juu. Kinaandika 4500. Kipimo cha kuchora hulala kwenye uso wa UCS, na UCS yako imelala sakafuni, kwa hiyo kinachopimwa ni kivuli cha bati. Tofauti ni milimita 347 kwa kila bati, kabla hata ya kuongeza la kuning'inia nje ya ukuta. Bati zilizokatwa kiwandani kwa kipimo hicho zinafika saiti na hazigusi mgongo, na hakuna wa kuzirudishia.

Ili vipimo vya karatasini viwe vya kweli, laza UCS juu ya paa lenyewe. Andika UCS, bofya kona ya chini ya paa kuwa chanzo, bofya nukta nyingine kwenye ukingo ule ule wa chini kuonyesha X, kisha bofya nukta yoyote mgongoni. Andika PLAN na ukubali UCS ya sasa. Paa linageuka linakutazama kwa umbo lake halisi, na kila DIM utakayoweka sasa inasoma urefu wa mteremko. Chora polilaini kuzunguka pembe zake, AREA inakupa eneo la bati la upande huo. Ihifadhi UCS hiyo kwa jina, kwa mfano PAA-MASHARIKI, halafu rudia kwa kila upande. Paa la pande nne lenye vipandio vya kona ndilo linalostahili kazi hii zaidi, kwa sababu mabonde na matuta yake hayapatikani kwa kuzidisha mlalo na namba moja.

Kwenye paa la kuficha hesabu inabadilika. Mteremko wa asilimia 10 kwa mita 6 unashuka milimita 600, pembe ni nyuzi 5.7, na bati linazidi mlalo kwa milimita 30 tu. Huko kosa la urefu ni dogo, jambo la kuhofia ni maji. Ukuta wa mbele unaficha kila kitu, na kwenye ramani ya kutoka juu mteremko ni mshale tu ambao mtu ameuchora. Gandisha leya ya ukuta huo, tazama kwa -1,-1,0.5, na utumie ID kwenye nukta nne au tano: mwanzo wa bati, mwisho wake, sakafu ya mfereji karibu na ukuta, na pale bomba linaposhuka. ID inasoma Z ya kila moja. Z ya mfereji isiposhuka kuelekea kwenye bomba, maji ya masika yatasimama pale, na hilo ni bora msanifu aambiwe leo kuliko mwenye nyumba aligundue darini.

Sharti moja kabla ya vipimo vyote hivi: OSNAPZ iwe 0. Ikiwa 1, kila nukta unayoinasa inapewa Z ya sakafu unayochorea, na DIST nayo itakusomea 4500 bila onyo lolote.

DVIEW kwa anayetaka kuingia ndani

Ni amri ya zamani na mazungumzo yake ni marefu, lakini LT haina nyingine ya kukupa taswira kama ya jicho la mtu. Andika DVIEW, chagua vitu vichache tu (kuta mbili na mlango zinatosha, ni za kukuongoza), kisha PO. Inauliza kwanza unakotazama, kisha ulipo. Kwa vyote viwili andika .xy, bofya mahali, na inapouliza Z andika 1500 kwa unakotazama na 1600 kwa jicho. Andika D na Enter kuwasha taswira hiyo, halafu Z kuchagua lenzi. Inaanza na 50. Chumba cha kawaida kinahitaji 28 au 35, vinginevyo unaona ukuta mmoja tu. Ukimaliza, DVIEW na Off.

Ndani ya DVIEW kuna CL, ambayo naipenda kuliko hiyo ya macho. Ukitazama nyumba kutoka mbele bila taswira ya jicho, CL na F inakata kila kilicho mbele ya mstari unaouchagua, halafu HIDE inakuonyesha ndani kama mchoro wa mkato. Umbali unahesabiwa kutoka unakotazama, na namba chanya inakuja upande wako. Ujue tu kwamba kuta zilizokatwa zinabaki wazi ndani, hazijazwi, kwa hiyo ni mkato wa kuelewa ngazi na dari, haufai kuwa mchoro wa kibali. Mkato huo unabaki hata baada ya kutoka DVIEW. Faili likikujia na nusu ya nyumba, jaribu DVIEW, CL, O kabla ya kumwambia mtu amefuta.

Kuongeza ukuta bila kuwa na EXTRUDE

Wakati mwingine unataka kuonyesha chumba cha nyongeza tu. Weka THICKNESS 3000, chora PLINE yenye upana wa 150 kwa tofali la inchi 6, na ukuta umesimama ukiwa na kifuniko. Palipo na mlango, kata polilaini na weka kipande kingine chenye elevation (kimo cha kuanzia) 2100 na thickness 900. Hiyo ni lenta na tofali za juu yake. Dirisha linapata vipande viwili, cha chini thickness 900 kutoka sakafuni, na cha juu kama cha mlango. Rudisha THICKNESS 0 mara moja, la sivyo kila kitu utakachochora baadaye kitakuwa na kimo cha mita tatu na hutaona kutoka juu. Elipsi, spline na hachi (mistari ya kujaza eneo) hazipokei thickness.

Uchafu wa Z ndio unaobaki kwa wanaochora 2D juu ya modeli. FILLET inasema mistari haiko kwenye uso mmoja, JOIN inakataa, hachi haioni mpaka. Kwa nakala ya 2D pekee, chagua vyote, MOVE kutoka 0,0,0 hadi 0,0,1e99, kisha tena kutoka 0,0,0 hadi 0,0,-1e99. Namba hiyo ni kubwa kiasi kwamba tofauti ndogo za Z zinapotea na vitu vinarudi vikiwa sifuri. Usiiguse kwenye faili lenye solidi.

Wanaotumia programu ya LibreCAD, ambao ni wengi kwa kuwa ni ya bure, wajue kwamba ni ya 2D tupu. Z haina kazi humo na solidi haisomwi. Ukihifadhi DXF (faili la kubadilishana michoro) ya msanifu kupitia LibreCAD, kilichokuwa 3D kinaweza kupotea moja kwa moja. Fanya kazi kwenye nakala.

Karatasi ya kwenda saiti

Kwenye Layout (ukurasa wa kuchapia), MVIEW inatengeneza vidirisha vinne vya A3: juu, mbele, upande, na kusini-magharibi. Kila kidirisha kina VPOINT yake. Chagua mpaka wa kidirisha, fungua Properties, na kwenye Shade plot weka Hidden. HIDE uliyoifanya kwenye skrini haifuati kwenye plota.

Vile vitatu vya kwanza vipe 1:100. Cha nne usikiandikie skeli kabisa, hata kama umekiwekea 1:100, kwa sababu ukitazama kwa -1,-1,1 kila urefu wa mhimili unasinyaa hadi asilimia 81.6 hivi. Ukuta wa mita 3 unaotakiwa kuwa milimita 30 karatasini unatoka milimita 24.5, na fundi mwenye rula atakata mlango mfupi. Andika juu yake kwa herufi kubwa KISIPIMWE. Kinyume chake, ukipokea mchoro wa mfano huo ambao ukuta wa mita 3 unapimika 30 kamili, basi si modeli. Umechorwa kwa ISODRAFT (uchoraji wa 2D unaoiga 3D) kwenye uso mmoja, na VPOINT ya uelekeo mwingine wowote itauonyesha ukiwa umelala chapati sakafuni, Z zote sifuri.